Injini ya Shemeji

Wateja walimwita Dada Fundi, na wengi wao hawakulijua jina lake jingine. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye mabega mapana na sauti ya chini, aliyefunga kitambaa chake kichwani kwa namna ambayo hata akilala chali chini ya gari hakifunguki. Kucha zake zilikuwa na mstari mweusi usiotoka kwa sabuni wala kwa dua. Mama yake alizoea kusema kwamba mchumba wa kwanza alikimbizwa na zile kucha, wa pili akakimbizwa na ule mdomo, na baada ya hapo njia ikaota majani.

Ufundi aliupata kwa baba yake. Mzee alikuwa na gereji nyuma ya nyumba yao, banda la mabati lenye shimo la kushukia chini ya magari na meza ya chuma iliyokwisha kulika pembeni kwa nyundo. Huyu binti yake wa kwanza alikuwa hakai jikoni. Ukimtuma chumvi, unamkuta amechuchumaa kando ya injini iliyofumuliwa, anatazama tu. Mzee hakumfukuza. Alimpa brashi na kopo la dizeli akamwambia aoshe nati, na alipoona anaziosha na kuzipanga kama zilivyotoka, akaanza kumfundisha. Alimfundisha injini kuanzia chini kwenda juu, si juu kwenda chini kama mafundi wengi.

"Injini haifi kwa uzee," alikuwa akimwambia. "Inakufa kwa kiu. Anayeijua njia ya oili ndiye anayeijua injini. Hao wengine ni wafunga nati."

Mzee alipofariki, gereji ikabaki kwa watoto. Mama akaamua kibao cha nje kiandikwe jina la mtoto wa kiume, yule wa pili. "Mwanamke hawekwi kwenye kibao cha gereji," alisema, "watu watadhani ni saluni." Waliokuwepo wakacheka. Dada Fundi naye akacheka, maana wakati ule jambo lenyewe lilikuwa bado la kuchekesha.

Huyo mdogo wake walimwita Umeme. Alikuwa na mkono mwepesi na ulimi mwepesi zaidi. Gari likiingia kwake asubuhi, jioni limetoka, na mwenye gari ametoka nalo akicheka. Kwamba mengine yalirudi yakivutwa kwa kamba, hiyo ni habari nyingine. Yakirudi, aliyeyapokea ni Dada. Umeme angekuwa ameshapata safari ya ghafla mjini, na Dada angeinama, afumue, afunge upya, mteja aende zake akisema, "Umeme fundi, ila siku ile alikuwa na haraka." Hivyo ndivyo walivyoishi, na ukimuuliza Dada angekwambia ndugu ni ndugu, mmoja akimwaga mwingine anadeki.

Wa tatu na wa mwisho alikuwa msichana. Nyumbani walimwita Mziwanda hata alipokuwa mtu mzima. Mama alikuwa akishinda sokoni, kwa hiyo aliyembeba mgongoni ni Dada, mpaka wageni wakadhani ni mwanawe. Dada alimsuka nywele, alimfunga viatu, alikwenda shuleni kugombana na mwalimu aliyempiga bila kosa. Mziwanda alipoolewa, aliyelia kuliko mama ni yeye, akijificha nyuma ya banda na kusingizia moshi.

Mume wa Mziwanda alikuwa mtu mkubwa mwenye kicheko cha kutikisa madirisha. Alikuwa na lori moja, kuukuu, la kubebea mawe na mchanga, na hilo lori ndilo lililokuwa shamba lake na mshahara wake. Alimheshimu Dada Fundi kwa moyo mmoja. "Shemeji," alikuwa akimwambia, "mimi nikiumwa, madaktari wako wengi. Lori langu likiumwa, nina wewe tu."

Likaumwa kweli. Jiwe lilipasua sampo, lile karai la chuma linalofunga tumbo la injini na kutunza oili, na shemeji akaendesha bila kujua mpaka oili yote ikaishia barabarani. Injini ikaanza kugonga kama mtu anayebisha hodi kwa hasira. Ilipofika gereji Dada akaweka sikio, akasema moja kwa moja kwamba hapa hakuna kuziba viraka. Itafumuliwa yote.

Ikafumuliwa. Krenki ikapelekwa kuchongwa, zikanunuliwa beringi mpya, pistoni zikavishwa ringi mpya. Dada alifanya kazi ile kwa raha ambayo si kila siku fundi anaipata, raha ya kumtengenezea mtu unayempenda. Bloku, mwili wa injini, ilikuwa imegeuzwa miguu juu kwenye stendi, safi hata ungeweza kulia chakula juu yake. Alifunga pampu ya oili, akafunga na mrija wake, ule wenye chujio mdomoni, unaoshuka hadi karibu na kitako cha sampo na kunyonya. Likabaki sampo lenyewe.

Sampo la zamani lilikuwa halifai. Juu ya lile tundu la jiwe, lilikuwa limechomelewa mara nyingi hata likawa viraka vitupu. Umeme akaenda kwa wauza vyuma chakavu, akarudi na jingine begani, limepakwa rangi nyeusi, linang'aa.

"Nimelijaribu matundu ya bolti," alisema. "Yote yanakubali. Mguu na kiatu."

"Matundu yanakubali," Dada akajibu, "lakini kina chake je?"

Alikwenda jikoni akarudi na donge la unga uliokandwa. Umeme akapiga makofi. "Leo gereji inapika! Niite majirani?"

Dada alilibandika lile donge juu ya chujio, akaweka gasketi, akalifunika sampo, akakaza bolti chache za pembeni. Kisha akazifungua, akaliinua taratibu. Donge lilikuwa limebanwa likawa jembamba kama jani. Katikati unga ulikuwa umekwisha kabisa, chuma cha chujio kinaonekana.

"Njoo uone," alimwambia mdogo wake. "Hapa inatakiwa ibaki nafasi ya unene wa kidole. Hii hata kucha haipiti. Hili sampo ni fupi, si la injini hii. Chujio litakaa juu ya kitako, halitanyonya."

"Si litanyonya kidogo kidogo?"

"Lori likiwa limesimama injini itanguruma vizuri tu, hata taa ya kuonya oili itazima, maana haihitaji nyingi. Ipe mzigo, ipe mlima, ndipo utasikia. Ni kama umwambie mtu anywe kwa mrija halafu uukandamize kwenye kitako cha glasi."

Mrija mfupi wa kufaa sampo lile aliujua ulipo. Kulikuwa na mzee wa vyuma chakavu katika mji wa pili aliyekuwa na injini ya namna hiyo. Akabeba mfuko wake. Mlangoni akageuka.

"Usilifunge mpaka nirudi."

"Sawa, Dada."

"Nimesema usilifunge."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi."

Mrija aliupata, lakini mvua ikanyesha, daraja likafunikwa, magari yakalala ng'ambo. Dada akakwama kwa yule mzee, akalala kwenye stoo kati ya milango ya magari mabovu. Akampigia simu Umeme kumweleza. "Usiwe na wasiwasi," Umeme akamwambia, "huku kila kitu shwari."

Huku hakukuwa shwari. Shemeji alikuwa amepata kazi ya kupeleka mawe kwenye ujenzi, na msimamizi amemwambia asipofika na lori atapewa mwingine. Akaja gereji kuuliza. Angeambiwa ukweli angesubiri, hakuwa mtu wa papara. Lakini Umeme alikuwa na ugonjwa mmoja, hakuweza kumwambia mteja neno "bado". Akamwambia, "Shemeji, kesho kutwa unaondoka nalo." Yule akaenda zake anapiga mluzi. Umeme akabaki na neno lake mkononi.

Akachukua nyundo. Akaligeuza sampo akaligonga kwa ndani, akatoa kitako nje kidogo, akalitazama kwa jicho akaona linatosha. Hakupima, si kwa unga wala kwa kitu kingine. Akapaka silikoni, akafunga, akaita mafundi wa jirani wakasaidiana kuipandisha injini. Walipowasha ikanguruma kama mpya. Taa ya oili ikazima. Shemeji akacheza uwanjani kwa furaha, akamkumbatia Umeme akamchafua shati kwa machozi.

Dada alirudi siku lori lilipoondoka, amelikosa kwa saa chache tu. Aliingia gerejini na mrija wake umefungwa kwenye kitambaa, akakuta stendi tupu.

"Injini iko wapi?"

"Nimemalizia," Umeme akasema, anakunywa chai. "Shemeji kashaondoka. Hata asante hujasema."

"Sampo ulilipimaje?"

"Nililigonga kidogo likatoa tumbo. Limekaa poa. Taa ilizima, uliza yeyote."

Dada aliweka mfuko chini. Hakugombana, muda wa kugombana haukuwepo. Akachukua simu akampigia shemeji. Ikaita mpaka ikakata. Akapiga tena. Akatoka nje ya banda, kana kwamba tatizo ni mabati, akapiga tena. Akampigia Mziwanda amuulize mumewe kaenda njia gani, Mziwanda hakupokea, alikuwa kisimani. Akasimamisha pikipiki, akamwambia dereva amkimbize kwenye ile barabara ya mawe. Walikuwa hawajafika hata nusu ya njia walipokutana na watu wanaokimbia.

Lori lilikuwa limepanda mlima na mzigo wake. Karibu na kilele injini ilipiga kelele moja, ikakamata, ikazima. Shemeji alikanyaga klachi ajaribu kuiwasha, na injini ikizima breki za lori lile zilibaki nusu. Likaanza kurudi nyuma. Alipigana na usukani mpaka akalielekeza ukutani mwa mlima lisiende bondeni kwenye nyumba za watu, na pale likalala ubavu. Mawe yakamwagika. Yeye alitolewa akiwa hai, lakini mguu wa kulia ulikuwa umebaki ndani ya chuma zaidi ya ulivyobaki mwilini mwake. Hospitalini waliukata juu ya goti.

Lori lilivutwa hadi gerejini. Wakati wengine wakishinda hospitalini kwa zamu, Dada alijifungia bandani akalala chini ya lile gofu, akafungua sampo. Hakuhitaji kuangalia sana. Kwenye kitako cha ndani, pale nyundo ilipopita, kulikuwa na alama ya duara, nyembamba, kamili, kama muhuri. Ilikuwa alama ya mdomo wa chujio. Lilikuwa limekaa pale pale, likinyonya chuma. Beringi zilikuwa zimeyeyuka zikawa za rangi ya samli iliyoungua.

Akalibeba sampo hadi sebuleni akaliweka mezani mbele ya mama na Umeme.

"Soma," alimwambia mdogo wake.

Umeme aliona ile duara. Uso ukamshuka. Ndipo akalia, kilio cha kweli, hatumsingizii. Alilia kama alivyokuwa akilia utotoni akivunja kikombe, huku akimtazama mama. Na mama, kama zamani, akamtazama Dada.

Mama alimwita chumbani kwake, akafunga mlango. Kilikuwa chumba kidogo chenye kitanda kirefu, na kabati ambalo mlango wake mmoja hufungwa kwa kitambaa. Akamkalisha kitandani, akamshika zile kucha zake.

"Mwanangu, mdogo wako mke wake ana mimba."

"Najua."

"Jina lake ndilo lililo kwenye kibao. Likichafuka, gereji imekufa, na mimi na yeye na huyo mtoto tutakula nini? Mwanamume jina likiharibika halirudi. Wewe..." Akasita. Hata yeye lilimkwama kidogo. "Wewe ni mwanamke. Watu watasema, ah, mwanamke na injini wapi na wapi. Watalaumu kidogo, wataelewa, yataisha."

Dada aliziondoa kucha zake mikononi mwa mama.

"Unataka niseme nililifunga mimi."

"Mkubwa ni jaa, mwanangu. Takataka zote hutupwa kwake."

"Jaa nalo hujaa, mama."

"La kwako lina nafasi bado," mama akasema, akafuta macho kwa ncha ya khanga. "Nakujua. Nilikuzaa mimi."

Mtu angeuliza kwa nini alikubali, na wengi baadaye walimuuliza. Hakuwa mjinga, wala hakuwa mtakatifu. Maisha yake yote alikuwa akipokea magari yaliyorudi kwa kamba. Hili nalo lilikuwa limerudi kwa kamba, na mkono wake ulinyooka wenyewe kabla akili haijaamua. Alidhani pia kwamba Mziwanda atamsamehe yeye upesi kuliko ambavyo angemsamehe Umeme. Ndiye aliyembeba mgongoni, asimsamehe?

Alimkuta Mziwanda kwenye korido ya hospitali, amekaa sakafuni, viatu vya mumewe vyote viwili viko mapajani.

"Ni mimi," Dada akamwambia. "Sampo nilifunga mimi kabla sijasafiri. Sikupima vizuri."

Mziwanda alivisogeza vile viatu. Kisha akatoa simu ya mumewe mfukoni, kioo kimepasuka, akaiwasha, akamwonyesha. Jina la Dada Fundi lilikuwa limejipanga pale juu mpaka chini, simu zote hazikupokelewa.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Nilikuwa nashangaa, Dada anampigia hivi kwa nini? Kumbe ulijua. Ulimwacha aondoke, halafu ukaanza kupiga simu."

"Mziwanda..."

"Usiniite hivyo. Ulimwacha apande mlima ukijua. Ungekuwa hukujua ningekusamehe, wallahi ningekusamehe. Lakini wewe ulijua."

Dada akafungua mdomo. Neno moja tu lingetosha. Alikuwa na mrija bado umo kwenye mfuko, alikuwa na yule mzee wa vyuma chakavu angeweza kumshuhudia. Akamkumbuka mama. Akafunga mdomo.

Mziwanda akanyanyuka na viatu vyake, akaingia wodini, mlango ukajifunga nyuma yake polepole kwa ile springi yake.

Maneno yalienea, na hayakuwa machache kama mama alivyoahidi. Wateja waliokuwa wakimsubiri Dada hata wiki nzima sasa waliuliza mlangoni, "Yule mwanamke bado yupo?" na wakiambiwa yupo wanasema watarudi. Kwanza Umeme aliona haya. Akimpa kazi alikuwa hamtazami usoni. Lakini haya nayo ni nguo, ukiivaa kila siku inachakaa. Baada ya muda Dada alimsikia nje ya banda akimweleza mteja: "Ile ajali ilitufundisha. Dada yangu ana moyo mzuri, ila injini si ugali. Siku hizi sampo zote nafunga mwenyewe."

Aliyasema kwa upole, kwa masikitiko, kama mtu anayeyaamini. Labda alishaanza kuyaamini.

Siku hiyo Dada alikusanya spana za baba yake. Akafikiri, akazirudisha zote mezani isipokuwa moja, ile ambayo mkono wake uliizoea, akaondoka. Mama alikuwa barazani anachambua mchele. Akamuuliza anakwenda wapi. Akamjibu anakwenda kutafuta kazi. Mama akasema, "Bora, upumzike na maneno ya watu," akaendelea kuchambua.

Alipata kazi kwenye bohari ya mabasi upande wa pili wa mji, sehemu ambayo hakuna aliyemjua. Hakuajiriwa kama fundi. Barua ya utambulisho kutoka gereji ingekuwa na saini ya Umeme, naye hakutaka kuiomba. Aliajiriwa kuosha vipuri. Alisimama mbele ya pipa la dizeli kutwa nzima, brashi mkononi, akiosha nati za injini ambazo wengine walizifumua. Alikuwa amerudi pale pale alipoanzia, ila sasa mgongo ulimuuma na hakuna mzee wa kumwambia sasa njoo uone. Mafundi wa pale hawakuwa wabaya. Walimwita Mama. Alipanga chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta. Kila mwisho wa mwezi alipeleka sabuni na unga kwa mama, akaviacha mlangoni kama Umeme yupo, akaingia kidogo kama hayupo. Kwa Mziwanda hakuwa akienda. Alikwenda mara moja, akamwona shemeji amekaa kizingitini anachaji simu za watu, kipande cha suruali kimekunjwa na kubanwa kwa pini. Yule alimpungia mkono. Mziwanda akatoka ndani, akamshika mumewe bega, akamwingiza ndani, akafunga mlango.

Na Umeme? Umeme alikuwa mgeni wa heshima katika nyumba ile ile. Alipeleka nyama siku za sikukuu. Aliwanunulia watoto madaftari. Alikaa kiti cha mbele, akapakuliwa kwanza.

Miaka ikapita, mingi ya kutosha watoto wa Mziwanda kuwa warefu kuliko mama yao. Ukweli ulipokuja kutoka, haukutolewa na mapenzi wala na dhamiri. Ulitolewa na hasira. Umeme alioa mke wa pili, na yule wa kwanza, yule aliyekuwa na mimba wakati ule, akafungasha vitu vyake. Kabla ya kwenda kwao akapitia kwa Mziwanda, akakaa, akaomba maji, akanywa, akasema, "Wifi, nakuaga. Na ninakuachia zawadi." Akamweleza yote, sampo, nyundo, chumba cha mama, mpaka lile donge la unga. Akashukuru kwa maji, akaondoka.

Kesho yake Mziwanda alikuja boharini. Dada alimwona akivuka uwanja kati ya mabasi, akaacha brashi ikazama ndani ya pipa. Mkono wake ukapanda kichwani kurekebisha kitambaa. Alifikiri, siku imefika. Alikuwa ameiota siku hii, na katika ndoto Mziwanda alikuwa anakimbia.

Hakukimbia. Alisimama mbali kidogo, upande wa pili wa pipa.

"Ni kweli?"

"Nani kakwambia?"

"Nimeuliza ni kweli?"

"Kweli."

Mziwanda akatikisa kichwa taratibu. "Miaka yote hii nimempakulia. Nyama ya kwanza, yeye. Maji ya kunawa, namshikia birika mwenyewe. Mtu aliyemkata mume wangu mguu. Na wewe ulikuwa unajua."

"Mama aliniomba..."

"Mama alikuomba. Mimi je? Mimi ungeniuliza. Uliona bora mama alale usingizi, Umeme ale, mimi nichekwe. Unafikiri ulinibebea mzigo? Ulinivika upumbavu, nikatembea nao." Sauti ilianza kumtetemeka. "Nilimpoteza dada yangu bure. Nilikulilia wewe kuliko nilivyoulilia ule mguu, unajua? Na ulikuwa unaweza kukikomesha kilio changu kwa neno moja."

"Nisamehe."

"Sijui," Mziwanda akasema. "Mume wangu huko nyumbani anasema nikusamehe. Anasema mguu haurudi. Ni rahisi kwake, yeye ana moyo wa hivyo. Mimi sijui." Akalitazama pipa, na nati zilizopangwa mstari ukingoni, na zile kucha. Akataka kusema jambo jingine, akaliacha, akaondoka kwa njia aliyojia.

Jumapili yake mama akaita. Dada alikwenda akidhani ni mgonjwa. Alimkuta amekaa kitandani, mzee sasa, mdogo, lakini macho ni yale yale.

"Umeivunja nyumba yangu," mama akasema. "Mziwanda kaja hapa, kasema ambayo mtoto hasemi kwa mzazi. Umeme hali wala hanywi. Ulishindwa nini kunyamaza? Mambo yalishapoa."

"Sikusema mimi, mama."

"Basi nani?"

Dada alimweleza. Mama akasikiliza, akavuta shuka. "Hata hivyo," akasema. Hakumalizia. Lilikuwa neno zima kwake: hata hivyo. Dada alipika uji, akamnywesha, akaosha kikombe, akaondoka.

Ungedhani baada ya hapo watu wangemrudia, wateja wa zamani wangemtafuta wamwombe radhi. Hakuja hata mmoja. Uongo ukitangulia hujenga nyumba, na ukweli ukichelewa hukuta hakuna hata chumba cha kupanga. Mtaani waliposikia walisema, "Ah, ugomvi wa wake wenza huo," wakaendelea kupeleka magari kwa Umeme.

Siku moja, mchana wa jua kali, mlinzi wa bohari akamwita Dada kwamba ana mgeni getini. Alikuwa Umeme. Amenenepa, kichwa kimeanza upara, kicheko hakijazeeka.

"Dada! Mbona umekonda? Hawakulishi hawa?"

"Sema shida yako."

Akajikuna shingo. "Kuna basi dogo pale kwangu. Limekuja na injini imefumuliwa na mtu mwingine, nimeifunga mimi. Ukiiacha taratibu inanguruma vizuri, ukikanyaga mafuta taa ya oili inawaka. Nimebadilisha pampu. Nimebadilisha oili nzito. Imenishinda. Mwenyewe analitaka, anabebea watoto wa shule."

Dada alimtazama mdogo wake pale nyuma ya vyuma vya geti. Alikuwa na mambo mengi ya kumwambia. Mengine alikuwa ameyatunga usiku baada ya usiku akiangalia ule ukuta, yamenyooka, yanakata. Aliyaona yote yakipita mbele yake, moja moja. Lakini watoto wa shule hawakuwa wamefunga sampo lolote.

"Mrija unaponyonyea," akasema, "pale unapoungana na pampu kuna oringi, ile pete ya mpira. Umeiweka mpya?"

"Oringi? Ile ilionekana nzima."

"Itoe. Ikiwa ngumu au imekatika inavuta hewa badala ya oili. Ukiweka mpya ipake oili kwanza isijikunje. Halafu pima nafasi ya chujio na kitako. Usitumie jicho. Na basi lisitoke mpaka uwe umelijaribu mlimani, tupu, wewe mwenyewe ndiye dereva."

"Ndiyo hiyo!" Umeme akapiga chuma cha geti kwa kiganja. "Oringi! Nilijua ni kitu kidogo. Wewe bwana, bado umo."

Akageuka kwenda, akiwa tayari anatoa simu mfukoni. Dada alimsikia akisema, sauti yake ya kazini, nzuri, yenye uhakika: "Mzee, tatizo lako nimeshaligundua. Njoo kesho."

Dada alisimama getini mpaka mlinzi akamuuliza kama anatoka au anaingia.

"Naingia," akasema.